Video za darasani zisinunuliwe langoni

MWEZI wa Oktoba ni mwezi wa neema katika nchi ya chai. Bonasi ya mwaka hulipwa, madeni ya karo hupungua, na magari ya wachuuzi hupanda milima ya Konoin yakiwa yamesheheni blanketi, sufuria na magodoro. Miongoni mwa wachuuzi hao wamezuka siku hizi wauzaji wa aina nyingine, ambao hawaendi sokoni wala hawashiki kipaza sauti. Hawa huelekea moja kwa moja kwenye malango ya shule. Bidhaa yao hutoshea katika kiganja cha mkono: flashi moja, ndani yake mna video za kemia, fizikia, bayolojia na jiografia, pamoja na tamthilia ya kitabu teule cha Kiswahili, zote kwa bei ya mbuzi mmoja wa wastani.

Nilikuwa katika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule moja ya kutwa, ambayo sitaitaja, muuzaji wa namna hiyo alipobisha hodi. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye tai na maneno laini. Akatoa salamu yake ya “Chamgei, Mwalimu,” akaitikiwa, akaketi, kisha akafunua bahasha na kutoa barua yenye muhuri. Mwalimu aliisoma upesi akaniangalia kama mtu aliyeondolewa shaka. Aliuliza bei. Akauliza kama mna majaribio ya maabara ya kidato cha nne. Akapunguziwa kidogo, akamwita mhazini, na stakabadhi ikaandikwa “vifaa vya kufunzia”.

Hakuuliza video hizo ni za nani. Nami niliyekuwa pale, ninayejidai kuandika juu ya mambo ya elimu, sikuuliza.

Jioni tulizitazama. Ya kwanza ilitoka ng'ambo, na pale penye nembo ya mwenyewe palikuwa pamebandikwa utepe mweusi. Ya pili ilikuwa ya mwalimu Mkenya, anayefunza vizuri sana, ila jina lake halikuandikwa popote. Ya tatu ndiyo tamthilia: imepigwa kwa simu kutoka nyuma ya ukumbi, vichwa vya wanafunzi vimeziba nusu ya jukwaa, na katikati ya onyesho la mwisho mtu anasikika akikohoa. Ile barua yenye muhuri nayo, tulipoirudia kwa utulivu, ilisema jambo moja tu: kwamba mwenye kuibeba aruhusiwe kuingia shuleni kuonana na wakuu. Juu ya umiliki wa alichobeba haikusema hata neno.

Hapana shaka wasomaji wengi watasema kwamba haya ni madogo. Shule hiyo haina maabara ya kutosha. Mtoto wa mchuma chai anahitaji kuona rangi ikibadilika katika chupa ya majaribio, na kama hawezi kuiona kwa macho yake meza ya maabara ikiwa mbele yake, basi na aione ukutani. Mwenye filamu yuko London au Chicago, hatalala njaa kwa sababu ya darasa moja la Bomet. Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Uzito wake umeongezeka tangu Januari 2023, sekondari msingi zilipoanzishwa ndani ya shule za msingi, nyingi kati yake zikiwa hazijawahi kuwa na maabara. Huko Chepalungu, ambako mvua ni haba na chai haioti, mwalimu mmoja wa sayansi hubeba masomo ambayo hakuyasomea. Kwake video nzuri ni mwalimu wa pili.

Lakini tuitazame hoja hiyo kwa macho ya mkulima wa hapa hapa. Mkulima wa Kapkoros akipeleka majani kituoni, karani akayapima, ameuza kilo kumi za majani. Hajauza shamba, wala hajampa karani ruhusa ya kwenda kuchuma mengine usiku. Na karani huyo akipunja mizani, mlima wote husikia. Watu wa nchi hii wanajua vyema uchungu wa kufanya kazi mwingine akala. Basi yule mwalimu wa kemia aliyesimama mbele ya kamera baada ya vipindi, akaandaa somo, akalirudia mara tatu hadi likanyooka, naye ana shamba lake. Anayeibwa hapa hayuko London. Huenda yuko Kericho, au Kisii, au Kakamega, na mshahara wake ni sawa na wa mwalimu anayeitumia kazi yake bila kumjua.

Ndivyo ilivyo hata kwa fasihi. Kigogo ya Pauline Kea na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ni tamthilia zilizoteuliwa kutahiniwa, kila moja kwa zamu yake. Chozi la Heri ya Assumpta Matei na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi ni riwaya zilizopata nafasi hiyo hiyo. Kitabu kikiteuliwa, makundi ya waigizaji huzunguka shuleni kukiigiza, wanafunzi hulipa kiingilio, na baadaye video huuzwa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2019, humpa mwandishi mamlaka juu ya kunakili kazi yake, kuigeuza umbo na kuiwasilisha kwa umma, na kuiigiza jukwaani ni kuiwasilisha. Kwa hiyo kundi linalogeuza riwaya kuwa mchezo lahitaji ridhaa ya mwenye haki, na anayeurekodi mchezo huo lahitaji la mwandishi na la waigizaji wenyewe pia. Yapo makundi yanayofuata utaratibu huo kwa uaminifu. Hayo ndiyo yanayoumizwa zaidi na flashi ya langoni, kwa maana yamelipa nauli, mavazi na mwandishi, kisha mtu mwenye simu anauza jasho lao kwa bei ya mbuzi.

Pana hasara nyingine ambayo haihusu fedha. Katika video tuliyoitazama, tukio zima lilikuwa limerukwa na mhusika mmoja kapewa maneno ambayo mwandishi hakuyaandika. Mwanafunzi aliyeona hayo mara mbili na kusoma kitabu nusu ataingia katika chumba cha mtihani akiwa na hakika ya jambo lisilokuwamo kitabuni. Mtahini hatajua kwamba kosa ni la flashi.

Sasa tuulize: mwalimu mkuu alipaswa kufanya nini? Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaopenda kuwalaumu walimu. Ukweli ni kwamba mlango wa video una makufuli manne, na hakuna aliyempa mwalimu funguo wala kumwonyesha yalipo. Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala, KICD, kwa mujibu wa sheria yake ya mwaka 2013, ndiyo inayokagua na kuidhinisha vifaa vya mtaala. Muhuri wake unasema kwamba yaliyomo yanafaa kufunzwa. Bodi ya kuainisha filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, huamua filamu inafaa watoto wa umri gani. Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ndiyo yenye stika inayotakiwa kubandikwa kwenye nakala za muziki na filamu zinazouzwa, ili mnunuzi ajue kwamba si za wizi. Na kufuli la nne ni la mwenye kazi mwenyewe: leseni yake, yaani maandishi yanayosema wewe umeruhusiwa kufanya nini na kazi yangu. Ruhusa moja haitoshelezi nyingine. Video yaweza kuwa imeidhinishwa na KICD na nakala uliyouziwa ikawa ya wizi. Yaweza kuwa halali kabisa na isifae mtaala. Muuzaji hodari huonyesha karatasi moja, tena mara nyingine ile isiyohusika, mwalimu akadhani milango yote imefunguka.

Na hatari ni ya mwalimu. Sheria yetu haimgusi mnakili na mchuuzi peke yao. Kuwa na nakala haramu kwa matumizi yasiyo ya binafsi na ya nyumbani ni kosa pia. Kabati la ofisi ya shule si nyumbani kwa mtu. Stakabadhi ya “vifaa vya kufunzia” itakuwa ushahidi dhidi ya aliyeitia sahihi, na yule kijana nadhifu atakuwa zamani amekwisha kuvuka Mto Kipsonoi.

Leseni yenyewe si dude la kutisha. Ni mkataba mfupi. Kununua diski au flashi halali humpa mnunuzi kile kifaa na ruhusa iliyoandikwa, basi. Je, video itaonyeshwa katika darasa moja au katika ukumbi mzima pamoja na wazazi siku ya mkutano? Yaweza kunakiliwa katika vishikwambi vya wanafunzi wote? Ruhusa ni ya mwaka mmoja au ya milele? Flashi ikiharibika, shule itapewa nyingine bila malipo? Shule jirani ikiazima, ni halali? Mwalimu anayeuliza maswali hayo matano kabla ya kumwita mhazini ameshaokoa fedha za wazazi, kwa sababu muuzaji asiye na haki hana majibu, na mwenye haki huyajibu bila kugugumia.

Jambo ambalo walimu wengi hawajui, nalo lingewapunguzia gharama, ni kwamba sheria hiyo hiyo ina msamaha kwa ajili yao. Tangu zamani imeruhusu shule kurekodi matangazo yaliyokusudiwa kwa mafundisho ya utaratibu, na kuyatumia kufunzia. Msamaha huo unanuka enzi za redio. Wengi wetu tunaikumbuka idhaa ya shule ya Sauti ya Kenya: redio ya betri juu ya meza, darasa zima kimya, mwalimu ameshika kitabu cha mwongozo kilichotumwa kutoka Nairobi. Shule yenye bahati ilikuwa na kinasa sauti, na somo lililopita saa nne asubuhi liliweza kurudiwa alasiri. Hakuna aliyeitwa mwizi. Ndivyo ilivyo kwa runinga. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, KICD ilipeperusha masomo kwa redio, kwa runinga na katika mtandao. Shule ambayo ingeyarekodi masomo yale na kuyaweka ingekuwa leo na hazina halali isiyogharimu hata senti. Ni wangapi walifanya hivyo? Nimeuliza katika shule kadhaa kuanzia Silibwet hadi Sotik, na jibu nililopata ni tabasamu.

Kuhusu mtandao pia kuna kuchanganyikiwa. Mwalimu akifungua YouTube darasani na kuonyesha somo humo humo lilimowekwa na mwenyewe, masharti ya mtandao huo hayamzuii. Lakini masharti hayo hayo hayamruhusu kuipakua video kwa programu za pembeni na kuihifadhi. Hapo ndipo Bomet inapoonewa. Anayeishi mjini anaweza kutazama kila siku bila kupakua; wa bondeni, ambako mtandao huja na kupotea kama ukungu wa asubuhi, hana njia ila kubeba flashi. Sheria iliyoandikwa sawa kwa wote inawaangukia watu kwa uzito tofauti.

Ahueni ipo kwa waandaji wanaotoa kazi zao kwa leseni huria. Sehemu kubwa ya masomo ya Khan Academy, iliyoasisiwa mwaka 2008, yanaruhusiwa kunakiliwa na kugawiwa mradi jina la mwenyewe litajwe na isiwe kwa biashara. Maana yake shule ina haki ya kuyanakili bure, na mchuuzi hana haki ya kuyauza. Jirani zetu wa Dar es Salaam nao wametutangulia: shirika la Ubongo lilianza kurusha katuni za Ubongo Kids mwaka 2014, hisabati na sayansi kwa Kiswahili sanifu cha kupendeza, wakati sisi tungali tunabishana kama hesabu zinaweza kufunzwa kwa lugha hii.

Nimesema simlaumu mwalimu. Ninayemlaumu ni serikali, tena kwa jambo ambalo imekwisha kuonyesha kwamba inaliweza. Tangu Januari 2018 imekuwa ikinunua vitabu vya kiada kutoka kwa wachapishaji na kuvifikisha hadi mlangoni mwa shule. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, ila ulikata mnyororo wa mawakala na wauza vitabu bandia kwa pigo moja. Kabla ya hapo, mwaka 2016, ilianza kugawa vishikwambi vya wanafunzi wa darasa la kwanza, kutimiza ahadi ya mwaka 2013, na katika shule zaidi ya 20,000 ikapeleka pia projekta na kifaa cha kuhifadhia masomo. Yaani chombo cha kuonyeshea kilinunuliwa kwa fedha za umma na kupelekwa hadi vijijini. Kilichosahauliwa ni kitu cha kuonyesha, mwaka baada ya mwaka, mtaala unavyobadilika. Ni sawa na kujenga kiwanda cha chai na kutofikiria majani yatatoka wapi. Projekta nyingi zimelala kabatini, na zile zinazoamshwa huamshwa na flashi ya langoni.

Wenzetu wamelitatua hili kwa njia tofauti. Marekani, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1976 humruhusu mwalimu kuonyesha filamu ana kwa ana darasani katika kufunza, mradi nakala yenyewe si ya wizi. Uingereza, sheria ya mwaka 1988 haihesabu onyesho la somo mbele ya wanafunzi na walimu kuwa onyesho la umma, na juu ya hayo wizara ya elimu huko England hulipia leseni za pamoja kwa niaba ya shule zote za serikali. Mwalimu wa kijijini hatafuti ridhaa ya mtu. Serikali imeshalipa mara moja. Hapa kwetu kuna chama cha KOPIKEN kinachoshughulikia haki za kutoa nakala za vitabu kwa mashine, na hakuna sababu kwa nini mfano huo usipanuliwe kwa video za masomo, wizara ikilipa kwa pamoja na KICD ikizipeleka shuleni katika diski za kuhifadhia kama inavyopeleka vitabu. Kwa mgao wa shilingi 22,244 uliowekwa mwaka 2018 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, mgao ambao shule hulalamika kwamba hauji wote wala kwa wakati, kumtaka kila mwalimu mkuu ajadiliane peke yake na mwenye filamu ni kumtuma mtoto sokoni bila fedha na kumchapa akirudi mtupu.

Liko pia suala la walimu wanaotengeneza masomo yao wenyewe, na hawa wanaongezeka. Sheria inasema kazi iliyofanywa katika ajira, haki yake huhamia kwa mwajiri isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Je, somo la kemia lililorekodiwa Jumamosi kwa simu ya mwalimu, ndani ya maabara ya shule, ni mali ya mwalimu, ya shule au ya Tume ya Huduma kwa Walimu? Sijaona mwalimu aliyepewa karatasi ya kumjibu swali hilo. Na maadamu hajui, hawezi kuitetea kazi yake inapoibwa, wala hawezi kuitoa bure kwa wenzake wa Chepalungu kwa moyo mkunjufu. Tume ingeweza kumaliza hili kwa waraka mmoja wa ukurasa mmoja.

Uchaguzi wa filamu nao si jambo la kuachiwa yeyote apitaye. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza waliendesha huko Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, zikazungushwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na hadi Nyasaland. Zilihusu kodi, ngozi za wanyama, benki ya akiba ya posta na kilimo cha kahawa. Watazamaji hawakuulizwa wanataka kujifunza nini. Tumepata uhuru, tukaunda taasisi yetu ya mitaala, na leo anayeamua watoto wa Konoin watazame nini ni kijana mwenye tai ambaye hata somo hajalitazama hadi mwisho.

Mwalimu yule nilimpigia simu wiki tatu baadaye. Aliniambia ameitoa ile tamthilia katika orodha ya vipindi vya jioni, na kwamba amempata kwa simu yule mwalimu wa kemia asiyetajwa jina, baada ya kumtambua mwanafunzi mmoja aliyehamia kutoka shule yake. Walizungumza kwa muda mrefu. Mwenye kazi hakudai fedha. Aliomba jina lake lirudishwe mwanzoni mwa video na shule imwandikie barua ya kukiri kwamba imemruhusiwa naye. Barua imeandikwa na halmashauri ya shule imeitia sahihi. Kijana wa flashi naye amepiga simu kusema atapita tena muhula ujao akiwa na mzigo mpya. Mwalimu amemwagiza askari wa lango amuulize kwanza karatasi nne, na amezichora kwenye kipande cha boksi kilichotundikwa kibandani, kila moja na muhuri wake, ili askari asidanganywe kwa moja.